Kutoka Dallas hadi Sydney bila Kupita Malaba

Nina lojingi hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, vyumba tisa na choo cha nje kilichojengwa vizuri kuliko vyumba vyenyewe, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nimelishwa na watu ambao hawakuwa wakija kwangu. Hakuna mtu anayefunga safari kuja Malaba. Watu wanakwenda Kampala, wanakwenda Kigali, wanakwenda Juba, na Malaba inawashika njiani kwa sababu foleni ya malori imekuwa ndefu au karatasi zao zina kasoro. Ndipo wananigongea na kusema, "Boss, mimi napita tu, nipe kitanda." Nami huwapa. Sijawahi kuona haya kuwa mahali pa kupita, kwa sababu mtu anayepita angalau unamwona uso.

Mke wangu alikuwa nusu ya lojingi hii, na nikisema nusu najipendelea. Yeye ndiye aliyejua dereva gani anakoroma awekwe chumba cha mwisho, na yupi akinywa hulia awekwe karibu na sisi. Shuka zilikuwa zake. Alizifua mwenyewe, akazianika kwa kuzivuta pembe mbili mbili mpaka zikakaa bila kunyanzi, na ole wake mgeni aliyezipangusia viatu. Alikuwa na sauti ya chini, lakini nimewaona wanaume wenye lori la magurudumu ishirini na mawili wakimwomba msamaha kwa sababu ya shuka.

Aliondoka binti yetu alipojifungua mtoto wa kwanza huko Dallas. Hilo halikuwa na mjadala. Binti akizaa, mama yake huenda kumpikia uji na kumkanda, iwe amezaa Amagoro hapa jirani au amezaa Marekani. Tulikubaliana ni miezi michache. Nilimsindikiza hadi Nairobi, nikamtazama akiingia kwenye ule mlango wa vioo na begi lenye unga wa wimbi na omena, dagaa wa ziwani, zilizofungwa mara tatu zisinuke, nikarudi Malaba nikiwa najisikia mtu mkarimu. Kisha ikawa mtoto ana kikohozi. Ikawa binti amerudi kazini na anafanya zamu za usiku. Ikawa mama ameongezewa muda wa kukaa. Kila sababu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu mtu hawezi kugombana na sababu nzuri.

Nilimtafuta mama mmoja jirani awe anafua shuka. Anafua vizuri, sina neno, lakini anaanika kama mtu anayekimbizwa. Jioni nilikuwa nakula mezani peke yangu, redio ikiwa imefunguliwa ili pawe na mtu wa kubishana naye. Nilizoea kupika mboga kidogo, halafu nikaona hata kidogo inabaki. Upweke una aibu yake. Mke akifariki watu huja kukaa nawe, lakini mke akienda kumlea mjukuu Marekani watu hukupongeza.

Tulikuwa tukiongea kwa simu ya video kila Jumapili, mimi nikiwa nimetoka kanisani, yeye ndio anaamka. Nilikuwa nakaa kwenye chumba cha mapokezi, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika, chini ya ramani ya dunia niliyoibandika ukutani watoto walipokuwa shule ya msingi. Ramani hiyo wageni wangu wote wanaijua. Malaba haijaandikwa humo, ni ndogo mno, lakini kila dereva aliyewahi kulala hapa ameiwekea kidole na kusema, "Sisi tuko hapa," mpaka karatasi ikaparuzika pakawa peupe. Ukitafuta Malaba kwenye ramani yangu unatafuta hilo doa jeupe, katikati ya Afrika, na Afrika yenyewe iko katikati ya dunia.

Jumapili moja mke wangu aliniambia, "Mzee, mwezi ujao nitatoka huku. Kijana anataka niende nimsaidie. Bibi yake amekaribia kujifungua."

Kijana ni mtoto wetu wa pili, anafanya kazi Sydney, Australia.

"Ni vizuri," nikasema. "Mtoto wa kijana pia ni mtoto."

Nikainua macho nikatazama ramani. Dallas iko kushoto kabisa. Sydney iko kulia kabisa, chini. Na katikati yake, kwenye njia, doa langu jeupe. Moyo wangu ulifanya kitu ambacho haukuwa umefanya kwa muda mrefu. Sikumwuliza kama atapita. Hakuna dereva anayetoka Mombasa na mzigo wa Kampala akaulizwa kama atapita mpakani. Atapita wapi kwingine? Akikosa Malaba atapita Busia, na Busia ni jirani, ningemfuata hata kwa bodaboda.

Ndivyo tulivyo sisi wa huku. Tumeona kila kitu kikipita mbele ya milango yetu, mafuta, mchele, mitumba, magari ya kifahari yaliyofungwa turubai, mpaka tukaamini kwamba mtu yeyote anayetoka upande mmoja kwenda upande mwingine hana budi kupita kwetu, na kwamba akipita ataingia. Kwetu mtu hapiti mlangoni. Anaweza kuwa na haraka ya namna gani, ataingia, atakaa, atakula hata kama ni kidogo. Ukisikia ndugu yako alipita akaenda zake, hiyo si haraka tena, hapo kuna maneno.

Basi nikaanza kujitayarisha. Nilipaka rangi chumba chetu, rangi ya maziwa, na nikaipaka mwenyewe, ndiyo maana dari ina alama. Nilitengeneza bomba la bafuni lililokuwa likilia tangu aondoke. Nilikwenda Busia mjini kununua mapazia kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa, tunajuana tangu sote tukiwa na nywele. Nilimwambia mama anapita.

"Atakaa siku ngapi?" akaniuliza.

"Sijui. Anapita tu."

"Mtu wa kupita hana haja ya pazia mpya."

"Huyu wangu anayo."

Alinikatia kitambaa kizito chenye maua ya zambarau, akaongeza kipande kwa ajili ya dirisha la jikoni, akaniambia nimsalimie sana huyo msafiri.

Nikaenda pia Funyula, nilikozaliwa, kutafuta jogoo. Ningeweza kununua jogoo hapa Malaba, lakini jogoo wa sokoni hapa amezoea vurugu na nyama yake inaonyesha. Nilipata mmoja mwekundu, mwenye kifua na dharau, nikarudi naye akiwa chini ya kiti changu akinidonoa kisigino.

Huyo jogoo lazima nimweleze. Mke wangu ni Mteso wa hapa hapa Malaba, mimi ni Msamia, na alipoolewa mama yangu alimfundisha jambo moja kabla ya mengine yote. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, na anayempa ni mkewe, mkononi au kwenye sahani, lakini ni yeye. Mke wangu aliona ni upuuzi wa Wasamia. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniandalia kuku bila kuitafuta ile firigisi kwa kijiko ndani ya mchuzi, akaniwekea pembeni ya sahani na kusema, "Haya, mwenye nyumba, kula cheo chako." Alisema hivyo kwa kunicheka. Tangu aondoke nilikuwa nimekula kuku nyumbani mara moja tu. Mtu atajipaje firigisi mwenyewe? Nilijaribu siku hiyo moja na ikanikwama.

Niliwaambia watu kanisani kwamba mama anapita. Akina mama wakapanga kuja kumwona na sukari na nyimbo. Nilimwambia anayefua shuka azivute pembe. Niliwaambia madereva. Ukweli ni kwamba nilikuwa natembea Malaba nzima nikitangaza kama mtu wa kampeni.

Aliyeharibu mambo ni mimi mwenyewe. Nilitaka kujua atakuwa amekaa hewani kwa muda gani atakapofika, ili nijue wa kanisani niwaambie waje siku ya kwanza au nimwache apumzike kwanza. Nikachukua simu, nikaandika viwanja viwili vya ndege, cha Dallas na cha Sydney, nikiuliza umbali na muda wa safari. Nilitarajia inipe jumla, na katikati Nairobi. Kando yangu alikuwa amekaa dereva mmoja wa Kigali, mgeni wangu wa zamani, akinywa chai akingoja lori lake liruhusiwe.

Simu ikasema kilomita karibu elfu kumi na nne, saa kumi na saba hewani, bila kusimama. Na chini yake ikachora mstari. Mstari ulitoka Dallas. Lakini haukuja kulia, upande wetu. Ulikwenda kushoto, ukaacha Amerika, ukaingia baharini, ukafika ukingoni mwa ramani ukatoka nje. Kisha ukaonekana tena ukingo wa pili, kulia kabisa, ukiingia Sydney kwa mlango wa nyuma.

"Hii simu imeharibika," nikasema.

Dereva akainama akatazama. "Hapana, boss. Dunia ni mviringo."

"Najua dunia ni mviringo."

"Sasa hii ndege inazunguka na huku nyuma. Haikuji hapa kwetu hata kidogo." Akafuata mstari kwa ukucha. "Mama ako na nani huko?"

Nilipima tena, safari hii Dallas hadi Nairobi, nikaona kitu kilichonikalisha chini zaidi. Kutoka Dallas kuja Nairobi ni mbali zaidi kuliko kutoka Dallas kwenda Sydney. Si kwa mengi, ni kilomita mia mbili na kitu, lakini ni zaidi. Yaani huko nilikodhani ni mwisho wa dunia kulikuwa karibu naye kuliko kwangu. Doa langu jeupe halikuwa njiani hata kidogo. Kuja kwangu ilikuwa safari nyingine kabisa.

Sikungoja Jumapili. Nilimpigia siku hiyo hiyo, saa kumi jioni hapa, kwake ikiwa asubuhi. Alikuwa amembeba mjukuu begani, akimpigapiga mgongo.

"Mama, hiyo ndege yako inapita wapi?"

"Wanasema inapita baharini tu. Inaenda moja kwa moja."

"Na sisi?"

"Nyinyi nani, mzee?"

"Mimi," nikasema. "Mimi na jogoo."

Akacheka, akadhani ni utani. Kisha akaona uso wangu, na nyuma ya kichwa changu akaona kipande cha pazia la zambarau nililokuwa nimejaribisha dirishani, akaacha kucheka. Mtoto akacheua.

"Ulifikiria napita huko?"

"Ungepita wapi kwingine?"

"Mzee, hata si njia," akasema polepole. "Kuja huko ni kuzunguka. Ni ndege mbili, tatu. Na miguu yangu unaijua, ikikaa sana inafura. Kijana alishakata tiketi."

Nilimwambia hata lori lisilo na mdomo linapita hapa likasimama. Nilimwambia kwetu mtu hapiti mlangoni. Akasema kwa sauti ile yake ya chini kwamba yeye hapiti mlangoni, mlango ndio uko mbali na njia. Nikamtakia safari njema kama unavyomtakia mtu usiyemjua, nikakata simu.

Nilikasirika kwa siku nyingi. Mimi nikikasirika sipigi kelele, nafanya kazi. Nilizibua mtaro ambao haukuwa umeziba. Nilimfukuza mteja aliyevuta sigara kitandani, jambo ambalo huwa najifanya sijaliona. Alipopiga Jumapili sikushika. Alipopiga tena nilishika, nikasema mtandao ni mbaya, na mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Ninajua mwanamke yule hakufanya kosa lolote. Ndiyo maana hasira ilikaa, haikuwa na mahali pa kutokea.

Kibaya zaidi ni maswali. Nilikuwa nimetangaza, sasa ilinibidi kutangua. "Mama anafika lini?" waliniuliza kanisani, na dukani, na kwa kinyozi. Nilianza kwa kusema safari imebadilika. Halafu nikasema atapitia njia nyingine, na mtu wa Malaba akisikia njia nyingine anajua ni Busia, wakawa wananiuliza kama nitamfuata Busia. Mwishowe nilikuwa nasema hapana, na kuendelea kutembea.

Siku moja nilibandua ramani ukutani. Sikutaka kuitupa, nilitaka kuona. Niliikunja ikawa kama bomba, ukingo wa kushoto ukagusa ukingo wa kulia, nikaushika huo mshono kwa vidole. Hapo ndipo nilipoona njia yake vizuri, kutoka Dallas, bahari tupu, bahari tupu, hadi Sydney, haikatiki tena. Lakini nikiitazama hiyo njia, Malaba haionekani. Nikigeuza bomba nione doa langu jeupe, njia inapotea nyuma. Niligeuza mara nyingi. Hakuna namna ya kuishika ile karatasi ukaviona vyote viwili. Kisha nikalibana bomba likawa bapa, kidole gumba juu ya Malaba, kidole cha shahada upande wa pili, nikatazama kidole cha shahada kimeangukia wapi. Kilikuwa baharini, karibu kabisa na njia ya ndege yake, mahali inapokata ikweta. Mke wangu angefika katikati ya safari yake akiwa upande wa pili wa dunia, kinyume changu, kando kidogo tu. Hakuna mtu anayeweza kuwa mbali na mwenzake kuliko hapo. Ukitaka kuzidisha umbali, dunia imeisha.

Nilikaa na hiyo karatasi mapajani, na nitasema wazi kwamba nililia. Si sana. Madereva walikuwa nje wakiosha miguu.

Aliposafiri, ndege iliondoka Dallas usiku wao, hapa jua likiwa linachomoza. Aliniachia ujumbe mfupi kwamba wamepanda, amepata kiti cha dirishani, na mtoto wa binti alilia walipoachana. Sikujibu. Niliusoma, nikaweka simu mfukoni, nikaitoa, nikausoma.

Kutwa nzima nilifanya kazi nikiwa na saa mkononi. Foleni siku hiyo ilikuwa imefika mbali, magari yamezimwa, madereva wamekaa vivulini mwa magurudumu wakikaanga mayai kwenye jiko la mafuta. Ilipofika kama saa nane na nusu mchana, nikapiga hesabu ya nusu ya safari, nikaona ni sasa. Huko aliko ni usiku wa manane, juu ya maji, taa za ndani zimezimwa. Nikaenda nikasimama uani, kati ya kamba za nguo.

Mama anayefua alikuwa akianua shuka. "Mzee," akaniambia, "kwani mama yetu amefika wapi saa hii?"

Nikamwonyesha kwa kidole, chini, kati ya viatu vyangu.

Akaangusha beseni. "Yesu wangu! Mzee! Ndege imeanguka?"

"Hapana, hapana. Haijaanguka." Nikamweleza haraka, kwamba ukichimba hapa mpaka utokee upande wa pili, utatokea baharini, na juu ya hiyo bahari yuko yeye kwenye ndege, salama, amekaa dirishani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaokota beseni, akaokota shuka zilizopata vumbi, akasema atazifua tena, na safari nyingine nikitaka kuonyesha aliko mtu aliye hai nisionyeshe udongo.

Nilibaki pale. Nilikuwa na kiatu changu kwenye ardhi hii ya Malaba na mawazo yangu yakishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani. Na kitu kikanijia, sikukitafuta. Kama hapo ndipo mbali kuliko kote, basi hapo hakuna upande unaozidi kumpeleka mbali. Ndege ikienda mbele, inasogea kwangu. Ingepinda kulia, ingesogea kwangu. Hata ingegeuka irudi Dallas, ingekuwa inasogea kwangu. Rubani hawezi kufanya chochote, kila njia kutoka hapo inarudi Malaba. Nilitazama saa. Dakika zilikuwa zinapita na mke wangu alikuwa anakaribia, kwa mwendo wa ndege, bila yeye mwenyewe kujua.

Sikupona kwa sababu ya wazo hilo. Usiku huo nilikula ugali na mboga peke yangu kama kawaida, na pazia la zambarau lilikuwa likinitazama. Lakini nilifungua redio nikasahau kubishana nayo.

Alipiga asubuhi iliyofuata, nikiwa nawaandalia wageni chai. Huko kwake jua lilikuwa limeshapita utosini. Uso wake ulikuwa umechoka, na nyuma yake kulikuwa na dirisha kubwa lisilo na pazia.

"Nimefika, mzee."

"Najua."

"Bado umenikasirikia?"

"Nimekasirika," nikasema, kwa sababu ilikuwa kweli. "Lakini umesogea."

"Nimesogea wapi, na huku ni mbali hivi?"

Nikamweleza. Kutoka Sydney kuja Nairobi si mbali kama kutoka Dallas. Ni karibu kilomita elfu mbili pungufu, nimepima. Jana saa nane na nusu alikuwa mbali kabisa, asingeweza kuwa mbali zaidi hata angetaka, na tangu hapo alikuwa akija. Nilimweleza hata habari ya udongo na beseni. Nilitegemea acheke. Akaisogeza simu karibu na uso.

"Mzee," akasema. "Kijana aliniuliza. Kabla hajakata tiketi. Aliuliza kama nataka nipitie nyumbani, nikae hata wiki mbili."

Nikaweka birika chini.

"Mimi ndio nilikataa."

"Ni miguu?"

"Si miguu." Akatazama pembeni, kwenye lile dirisha, halafu akanirudia. "Ningepita aje? Niambie. Niingie hapo, nikupate umekonda hivyo, nione hizo shuka vile zimeanikwa. Nilale kwa kitanda yangu. Halafu asubuhi moja nibebe begi nikuambie kwaheri tena? Nani angenitoa hapo? Mtoto wa kijana angezaliwa nikiwa Malaba nikifua." Alijipangusa macho kwa mkono wa nguo. "Hao madereva wako wanaweza kupita. Mimi hapo siwezi kupita, mzee. Mimi hapo nikifika nimefika."

Miaka yote nimewapa vitanda watu wanaokwenda kwingine, na nilikuwa nimemtayarishia mke wangu mapokezi yale yale, ya mtu wa kupita. Nje lori likawasha injini, na jingine nyuma yake, foleni ikawa imeanza kusogea. Wageni walikuwa wakiitisha chai.

Uani jogoo akawika, kwa kiburi chake cha Funyula.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni wako."

"Kumbe hukumchinja?"

"Nimchinje, halafu firigisi anipe nani?"

Akacheka, na machozi bado yapo. "Mpaka nije huyo atakuwa amezeeka. Atakuwa mgumu."

"Basi," nikasema, "utamchemsha sana."